Ukame unavyomtoa mfugaji kwao: kutoka malishoni hadi kambini

Kuanzia Oktoba 2020 hadi Desemba 2022 mvua zilishindwa misimu mitano mfululizo kaskazini na mashariki mwa Kenya, kusini mwa Ethiopia na sehemu kubwa ya Somalia. Mfululizo wa namna hiyo haukuwa umeonekana kwa angalau miaka 40. Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2.4, na ukijumlisha nchi zote tatu hesabu inapita milioni 13. Nchini Somalia, watu zaidi ya milioni moja waliacha makwao mwaka 2022 kwa sababu ya ukame.

Habari hizi huelezwa kwa kifupi hivi: dunia imepata joto, mvua imekosa, watu wamehama. Maelezo hayo si ya uongo, ila yameruka hatua zote ambazo mtu, serikali au shirika lingeweza kufanya jambo. Kati ya msimu uliokosa mvua na familia iliyojenga kibanda cha vijiti na matambara nje ya mji wa Baidoa, kusini-magharibi mwa Somalia, kuna miezi mingi na maamuzi mengi, na karibu kila uamuzi una gharama yake. Asiyezijua hatua hizo hupeleka msaada ukiwa umeshachelewa, kisha hushangaa kwa nini watu hawarudi kwao mvua zinaponyesha.

Angani kumebadilika nini

Ukanda huu una misimu miwili ya mvua: masika ya Machi hadi Mei, ambayo Wasomali huiita gu, na vuli ya Oktoba hadi Desemba, yaani deyr. Kati ya 2020 na 2023 hali ya La Niña, yaani kupoa kwa maji ya katikati ya bahari ya Pasifiki, ilidumu kwa miaka mitatu, na La Niña hukausha vuli ya Afrika Mashariki. Masika nayo imekuwa ikipungua kwa miongo kadhaa. Mwezi Aprili 2023, wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walitoa uchambuzi wa ukame huo na kukadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliufanya uwe na uwezekano wa kutokea takriban mara 100 zaidi.

Jambo la kushika hapo ni sababu, kwa sababu wengi huikosea. Sehemu kubwa ya tofauti ile ilitokana na joto. Hewa yenye joto hunyonya maji kwenye udongo, kwenye majani na kwenye mabwawa kwa kasi zaidi. Uchambuzi ule ulionyesha kwamba mvua kidogo kama ile ile, ikinyesha katika dunia yenye ubaridi wa nyuzi 1.2 zaidi, isingeleta ukame. Chukua silanga la kijiji, lile bwawa lililochimbwa kukinga maji ya mvua, lenye kina cha mita 2. Katika maeneo makavu ya kaskazini mwa Kenya, jua na upepo vinaweza kuondoa zaidi ya milimita 2,000 za maji kwa mwaka kwenye bwawa lililo wazi. Silanga hilo litakauka hata asipofika mnyama mmoja kunywa. Wahandisi wanaochimba mabwawa mapana na yenye kina kifupi kwa sababu ni rahisi kuchimba huwa wanajenga sufuria za kuvukizia maji.

Joto hilo hilo hufanya na kinyume chake. Kila nyuzi moja ya joto inapoongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, kwa hiyo mvua inaposhuka hushuka kwa kishindo. Mwishoni mwa 2023, El Niño, hali iliyo kinyume cha La Niña, na joto la upande wa magharibi wa bahari ya Hindi vilileta mafuriko yaliyowahamisha watu zaidi ya milioni moja Somalia. Baadhi yao walikuwa tayari kambini kwa ajili ya ukame. Ardhi iliyokauka na kupoteza nyasi hainywi maji. Huyaacha yapite na kubeba udongo uliobaki.

Kuhama kunakookoa na kuhama kwa aliyefilisika

Katika nchi kavu, mvua hunyesha kwa viraka. Bonde moja linapata, la pili linakosa. Anayehamisha mifugo kufuata viraka hivyo anavuna zaidi kuliko anayekaa mahali pamoja, na ndiyo maana ufugaji wa kuhamahama umedumu. Familia hugawa mifugo yake. Wanyama wasiokamuliwa na ngamia wenye nguvu huenda fora, kambi za mbali zinazoendeshwa na vijana, na wanaokamuliwa hubaki karibu na manyatta ili watoto, wajawazito na wazee wapate maziwa. Mwendo huo si dalili ya umaskini. Ndiyo njia ya kulinda mali.

Ukame unapozidi, kitu cha kwanza kuvunjika ni mgawanyo huo. Malisho ya karibu yakiisha, hata mbuzi wa maziwa inabidi waende fora. Siku wanapoondoka, watoto waliobaki nyumbani hupoteza maziwa, na hutegemea uji wa unga mtupu. Wahudumu wa afya wanaopima mzunguko wa mkono wa mtoto kwa utepe huona vipimo vikianza kushuka hapo, wakati mizoga bado haijaonekana barabarani na waandishi wa habari bado hawajafika.

Kinachofuata huonekana sokoni. Mfugaji hali nyama kila siku kama watu wa mjini wanavyodhani. Huuza mnyama, hununua mahindi, unga, sukari na majani ya chai. Kwa hiyo kipimo muhimu kuliko vyote ni kilo ngapi za mahindi mbuzi mmoja ananunua. Tuchukue hesabu ya mfano. Mbuzi akiuzwa shilingi 5,000 na kilo ya mahindi ikiwa shilingi 50, mfugaji anaondoka na kilo 100. Familia ya watu sita inayokula gramu 400 za nafaka kwa kila mtu kwa siku inahitaji kilo 72 kwa mwezi. Mbuzi mmoja basi anawavusha mwezi mzima na zaidi. Sasa mbuzi akonde, kila mtu alete wake sokoni siku moja, dalali ajue wauzaji hawana la kufanya, bei ishuke hadi 2,000. Na mahindi, ambayo nayo yamekosa mvua huko yanakolimwa, yapande hadi 80. Mbuzi yule yule ananunua kilo 25, na familia inakula siku kumi tu. Ili kula kiasi kile kile, lazima iuze karibu mbuzi watatu kwa mwezi. Mifugo inayeyuka mara mbili, kwa kufa na kwa kuuzwa kwa bei ya hasara.

Mwaka 2022 mambo hayo mawili yalikutana vibaya, maana bei ya nafaka na mafuta ya kupikia ilikuwa imepanda duniani kote kutokana na vita vya Ukraine, na Somalia ilikuwa ikiagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka Urusi na Ukraine.

Kufa nako kuna mpangilio. Ng'ombe na kondoo hutangulia, kwa kuwa hutegemea nyasi. Mbuzi hustahimili zaidi kwa kula vichaka. Ngamia huwa wa mwisho, na ngamia jike huendelea kutoa maziwa wakati ng'ombe wamekauka muda mrefu. Mnyama anayesahaulika katika takwimu ni punda. Yeye ndiye anayebeba maji, na akifa, mwanamke aliyekuwa akileta madumu manne kutoka kisima cha mbali sasa analeta moja mgongoni. Kuna nyumba nyingi ambazo zilibaki na mbuzi kadhaa lakini zikahama kwa sababu punda alikufa na maji hayafikiki tena. Halafu mvua ya kwanza ikifika, huua waliobaki: mnyama aliyebaki mifupa hawezi kuhimili baridi ya usiku mmoja wa kulowa.

Familia ikifikia hapo, safari inayofuata si ile ya fora. Mifugo haiko tena ya kuhamishwa. Wanahama watu.

Nani huondoka, nani hubaki

Kwa kawaida hawaondoki wote pamoja. Vijana wa kiume hutangulia mjini kutafuta kibarua: kuchoma makaa, kubeba mawe, kuendesha bodaboda ya mtu mwingine. Wasichana huenda kwa jamaa kufanya kazi za ndani. Mama na watoto wadogo husogea kwenye kituo cha biashara kilicho karibu, penye kisima na zahanati. Wakikosa riziki hapo ndipo wanapotafuta nauli ya lori kuelekea mji mkubwa. Utafiti uliofanywa vijijini Ethiopia uligundua pia kwamba ukame huongeza uhamaji wa wanaume wanaotafuta kazi, ilhali uhamaji wa wanawake kwa ajili ya ndoa hupungua, kwa kuwa familia hazina uwezo wa kugharimia harusi.

Wengi mno hawavuki mpaka. Picha ya misururu ya Waafrika wanaoelekea Ulaya kwa sababu ya ukame imewatisha wanasiasa wa huko, lakini haiendani na yanayoonekana hapa. Mtu aliyepoteza mifugo yake yote hana fedha za kufika Libya. Hufika pale nauli inapoishia: Baidoa, Mogadishu, Garissa, Isiolo, Marsabit, Lodwar. Wachache walio karibu na mpaka wa Kenya huenda Dadaab, kambi zilizofunguliwa mwaka 1991 kwa ajili ya watu 90,000 na ambazo baada ya ukame wa 2011 zilikuwa na zaidi ya 450,000.

Walio katika hatari kubwa kuliko wote ni wasioweza kuondoka. Wataalamu wa Uingereza katika ripoti ya serikali yao iliyoitwa Foresight, mwaka 2011, walisisitiza jambo hili na bado halijaingia vichwani vya wapangaji wengi: mabadiliko ya tabianchi yanaweza kupunguza uhamaji wa maskini kwa kuwamalizia mali ambayo ingelipia safari. Wazee, walemavu, wajane wenye watoto wengi na familia zisizo na ndugu mjini hubaki palepale. Anayehesabu wahamiaji kambini hawaoni hao.

Ndugu mjini, na ndugu ughaibuni, ni jambo kubwa katika hesabu hii. Katika ukame wa 2011, familia za Kisomali zilizokuwa na jamaa Minneapolis, London, Nairobi au Dubai zilipokea fedha kwa hawala, zikanunua maji ya boza na kulisha wanyama wachache wa maziwa. Waliokufa kwa wingi walikuwa hasa watu wa ukoo wa Rahanweyn na Wabantu wa Somalia waishio katikati ya mito ya Juba na Shabelle, ambao wana watu wachache nje ya nchi na kauli hafifu katika siasa za koo. Ukame ulikuwa mmoja, ila haukumkuta kila mtu na kinga ile ile.

Si mvua peke yake

Kwa hiyo ni vibaya kuandika kwamba tabianchi ndiyo iliyowahamisha watu, halafu mtu akaishia hapo. Linganisha pande mbili za mpaka. Mandera ya Kenya na Gedo ya Somalia zinapata wingu moja. Mwaka 2011 sehemu kadhaa za kusini mwa Somalia zilitangaziwa baa la njaa, na takriban watu 258,000 walikufa kusini na katikati mwa nchi hiyo kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012. Upande wa Kenya kulikuwa na njaa kali lakini vifo havikufika hapo. Tofauti ilikuwa barabara, soko lililo wazi, hospitali zinazofanya kazi, na kwamba hakuna aliyezuia misaada. Kusini mwa Somalia al-Shabaab walikuwa wamefukuza mashirika mengi, na wafadhili nao waliogopa sheria za kupambana na ugaidi. Mwaka 2022 misaada iliongezwa mapema na baa la njaa halikutangazwa rasmi, lakini makadirio ya watafiti yanaonyesha vifo vya ziada takriban 43,000 mwaka huo Somalia, nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano.

Na kuna yale yanayoziba njia za mifugo, ambayo hayana uhusiano na gesi za viwandani. Mipaka ya kaunti iligeuka kuwa mipaka ya kabila. Uzio na hifadhi binafsi zilikata njia za kwenda kwenye malisho ya kiangazi. Mabonde ya mito yalichukuliwa kwa umwagiliaji, na hayo ndiyo yalikuwa akiba ya mwisho ya wafugaji. Kisha kuna mathenge, mti ulioletwa Kenya tangu miaka ya 1970 ili uzuie jangwa, ukapandwa Baringo, Turkana na Tana. Ulistawi kupita kiasi, ukafunika malisho na kuziba njia za maji. Maganda yake matamu huozesha meno ya mbuzi mpaka wanashindwa kula. Wananchi wa Baringo waliwahi kumpeleka mbuzi asiye na meno mahakamani Nairobi kama ushahidi.

Visima virefu navyo vimeleta madhara mahali ambapo nia ilikuwa njema. Malisho yasiyo na maji ya kudumu hujilinda yenyewe: hutumika mvua inaponyesha tu, kisha hupumzika. Ukichimba kisima katikati yake, watu huweka makazi, duka hufunguliwa, mwanasiasa huomba shule, na baada ya miaka michache akiba ya kiangazi haipo tena. Kibaya zaidi, kisima hicho huharibika wakati kinapohitajika. Mwaka wa kawaida jenereta huzungushwa saa chache. Wakati wa ukame huzungushwa mchana kutwa na usiku, dizeli inapanda bei, kiwango cha maji kinashuka mpaka pampu inavuta hewa na kuungua. Fundi yuko mji wa kaunti, vipuri viko Nairobi. Kamati ya maji ambayo haikuweka akiba ya matengenezo wakati wa mvua haiwezi kuipata wakati wa kiangazi.

Tanzania inajua upande mwingine wa jambo hili. Wafugaji walioondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007 walisafirishwa na wengine kuswaga ng'ombe wao hadi Rufiji, Kilwa na Lindi, maeneo ambayo wakulima hawakuwa wamezoea makundi makubwa ya mifugo, na migogoro ya mashamba na vyanzo vya maji ikafuata. Wale hawakuhamishwa na ukame moja kwa moja. Walihamishwa na uamuzi wa kulinda maji ya mto Ruaha Mkuu, maji ambayo yamekuwa haba. Hivyo ndivyo tabianchi inavyoingia mara nyingi, kwa mlango wa uamuzi wa serikali.

Maendeleo yanarudi nyuma wapi

Hasara kubwa kuliko zote ni ya muda. Turudi kwenye hesabu. Familia iliyokuwa na mbuzi 30 ikabaki na sita, wanne wakiwa majike. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano, lakini katika nchi kavu tuseme kila jike aliyekomaa anakuza mtoto mmoja kwa mwaka, na mtoto jike anaanza kuzaa akiwa na miaka miwili. Bila kuuza wala kuchinja hata mmoja, familia inafika 28 baada ya miaka minne. Lakini familia haiwezi kukaa miaka minne bila kuuza, kwa hiyo weka sita au saba. Kwa ng'ombe na ngamia ni mbaya zaidi: ngamia hubeba mimba takriban miezi 13, huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka mitano au zaidi, na hupitisha miaka miwili au mitatu kati ya ndama.

Sasa weka pembeni miaka ya ukame mkali: 2010 na 2011, kisha 2016 na 2017, kisha 2020 hadi 2022. Nafasi kati yao imekuwa fupi kuliko muda wa mifugo kurudi. Mfugaji anaanza ukame mpya akiwa hajamaliza kulipa ule wa zamani. Hapo ndipo msukosuko wa muda unapogeuka kuwa umaskini wa kudumu, na uhamaji wa muda unapogeuka kuwa makazi ya mjini yasiyo na kazi.

Shule huonyesha hilo upesi. Mwanafunzi huondoka na familia katikati ya muhula, haandikishwi kule alikofika, na mwaka ukipita anaona aibu kukaa na wadogo. Pale shule inapotoa chakula cha mchana, watoto hubaki hata wazazi wakihama, wakiachwa kwa bibi au bwenini. Uji wa shule unapokatika, madarasa hupukutika ndani ya wiki chache. Kwa wasichana ukame huleta ndoa za mapema, kwa kuwa mahari ndiyo mali iliyobaki ambayo familia inaweza kuipata.

Miji inayopokea hubeba mzigo wake bila bajeti. Nchini Kenya mgao wa serikali hufuata sensa, na sensa hufanywa kila baada ya miaka kumi. Waliofika mwaka uliopita hawamo. Foleni ya maji inarefuka, kuni zinaisha kwa umbali wa siku nzima ya kutembea, mshahara wa kibarua unashuka kwa sababu vibarua wameongezeka. Baidoa, walioketi kwenye viwanja vya watu binafsi hufukuzwa mwenye kiwanja anapoona bei ya ardhi imepanda, mara nyingine bila notisi, na wasimamizi wa kambi wasio rasmi huchukua sehemu ya msaada kama malipo ya ulinzi. Mkimbizi wa ndani aliyefukuzwa mara tatu hawezi kujenga choo cha kudumu, na kambi isiyo na vyoo huleta kipindupindu mvua ikianza.

Sheria inasema nini

Neno "mkimbizi wa tabianchi" linatumika sana lakini halimpi mtu haki yoyote. Mkataba wa 1951 unamlinda anayekimbia mateso kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa, na ukame haumo. Mwaka 2020 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa uamuzi wa shauri la Ioane Teitiota wa Kiribati dhidi ya New Zealand: alishindwa, ila kamati ilikubali kwamba madhara ya tabianchi yanaweza kufikia kiwango cha kuifanya nchi isiruhusiwe kumrudisha mtu kwao.

Kwa Afrika, kilicho karibu zaidi na mahitaji ni Mkataba wa Kampala wa 2009, ulioanza kutumika Desemba 2012, ambao unazitaka nchi wanachama ziwalinde pia wanaohama ndani ya nchi kwa sababu ya majanga, mabadiliko ya tabianchi yakitajwa kwa jina. Nchi za IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, nazo ziliafikiana mwezi Februari 2020 kuhusu itifaki ya uhuru wa watu kusafiri, yenye kifungu kinachoruhusu raia wa nchi jirani kuingia kabla, wakati na baada ya janga. Maneno "kabla ya janga" yana thamani kubwa kwa mfugaji. Yakitekelezwa, anavuka na mbuzi wake wakiwa hai.

Kinachofanya kazi, na pale kinapokwama

Mpango wa Hunger Safety Net nchini Kenya ulianzia Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Kwa miaka mingi kaya zilizoandikishwa zilipokea shilingi 5,400 kila baada ya miezi miwili kupitia akaunti ya benki, na picha za satelaiti zikionyesha uoto umeshuka sana, kaya nyingine huongezwa bila kusubiri bunge. Wazo la kufunga malipo kwenye kipimo badala ya kwenye mkutano ni zuri sana. Kinachokwama ni orodha iliyopitwa na wakati, malipo yanayochelewa hazina, na kiasi kilichobaki palepale bei ya unga ikipanda.

Bima ya mifugo inayotumia satelaiti ilianza Marsabit mwaka 2010 chini ya watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, na 2015 serikali ya Kenya ikaanza kuwalipia wafugaji maskini Turkana na Wajir. Kila kaya ilikatiwa bima ya mifugo inayolingana na ng'ombe watano. Ngamia huhesabiwa 1.4, na mbuzi au kondoo kumi ni sawa na ng'ombe mmoja. Mwanzoni bima ililipa baada ya mnyama kudhaniwa amekufa. Baadaye ilirekebishwa ilipe mapema, ili mfugaji anunue chakula cha mifugo, dawa na maji. Marekebisho hayo ndiyo yaliyoipa maana. Tatizo lisiloisha ni kwamba satelaiti husoma kijani, na mathenge ni kijani mwaka mzima. Eneo linaweza kuonekana lina uoto ilhali hakuna jani la kuliwa, na mfugaji aliyepoteza wanyama asipate senti.

Ununuzi wa dharura wa mifugo hufaa ukifanywa mapema. Kwa kawaida hufanywa wakati wanyama hawawezi hata kupanda lori, na hapo unakuwa kifuta machozi tu. Mapatano ya malisho kati ya jamii jirani, yanayosema nani anaingia wapi, mwezi gani na atakunywa kisima kipi, hugharimu posho ya mikutano na mafuta ya gari, na huokoa mifugo mingi kuliko malori ya maji. Kwa bahati mbaya hayapigwi picha vizuri, kwa hiyo hayapati wafadhili.

Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2021 kwamba hadi watu milioni 86 Afrika kusini mwa Sahara wanaweza kuhama ndani ya nchi zao ifikapo 2050 kwa sababu ya mabadiliko ya taratibu ya tabianchi. Hicho ni kiwango cha juu cha mfano wa kihesabu, si utabiri, na ripoti hiyo hiyo ilisema hatua za mapema za kupunguza gesi na kuendeleza maeneo haya zinaweza kupunguza idadi ya dunia nzima kwa hadi asilimia 80. Wanaonukuu 86 bila kunukuu 80 wanawatisha watu bure.

Mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi zilizoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, uliokubaliwa katika mkutano wa Umoja wa Mataifa wa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 na kuanzishwa rasmi Dubai mwaka uliofuata, ulianza na ahadi za takriban dola milioni 700 kwa dunia nzima, fedha kidogo mno. Afrika imetoa chini ya asilimia 4 ya gesi zinazopasha dunia joto, na inayo kila haki ya kudai zaidi. Lakini katika masharti ya fedha hizo, kifungu cha kupigania kwa nguvu ni cha tarehe. ICPAC, kituo cha IGAD cha utabiri wa hali ya hewa, hutoa utabiri wa vuli mwishoni mwa Agosti. Kufikia katikati ya Desemba inajulikana kama mvua imeshindwa. Bei ya mbuzi huporomoka kuanzia Januari na Februari. Maombi yanayosubiri tathmini ya Machi, mkutano wa wafadhili wa Mei na malipo ya Julai humkuta mfugaji yuko Baidoa au Garissa. Kaunti na wilaya zinazoandika mipango yao sasa zinapaswa kuwa na orodha ya kaya, mkataba wa chakula cha mifugo, vipuri vya pampu ghalani na mapatano ya malisho yaliyosainiwa kabla ya Oktoba, na ruhusa ya kutumia fedha hizo Desemba hiyo hiyo bila kusubiri tangazo la dharura.